Maneno ya Mpira na Hesabu ya Nyumbani

Katika nchi ya juu ya Buha, jua likikaribia kutua siku ya Jumamosi, barabara ya Kasanda hujaa watu. Wengine watoka gulioni, wengine mashambani na majembe yao mabegani, na vijana wengi waelekea mahali pamoja: kwenye kibanda chenye televisheni, ambacho watu hukiita kibanda umiza, na jina lenyewe latosha kueleza raha ya mabenchi yake. Huko hutazamwa mpira wa Simba na Yanga, wa Mashujaa ya Kigoma, na wa timu za Uingereza. Nje ya kibanda mama mmoja auza pombe ya ndizi. Mlangoni kijana amesimama na simu yake, akiwasaidia wasiojua kuandika mkeka.

Apitaye hapo husikia mazungumzo ya namna hii: “Juzi nimepiga laki kwa buku tu.” “Mkeka wangu umechanwa na mechi moja. Leo lazima nirudishe.” “Mama, ongeza kikombe, nitalipa mpira ukiisha.” Kisha watu hucheka, na mazungumzo yahamia kwa golikipa.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno ya kupitisha jioni tu. Sisi twaona kwamba yafaa kupimwa, kwa maana maneno hayo ni shule, na wanafunzi wake ni watoto wanaochungulia dirishani.

I. MPIRA NA KINYWAJI SI DHAMBI

Kwanza tuondoe kosa moja. Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kusema kwamba mpira ni kitu kibaya. Mchezo huu huupa mwili nguvu, humfundisha kijana kutii amri za mwamuzi, na huwakutanisha watu wa vijiji mbalimbali. Mtakatifu Yohane Paulo II mwenyewe, alipokuwa kijana kule Poland, alicheza mpira akiwa golikipa.

Wala kinywaji chenyewe si dhambi. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na huko divai ilipokwisha hakuwafukuza wageni. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na watu wa Buha wajua kazi iliyomo katika mtungi wa pombe ya ndizi: ndizi kuvundikwa mpaka ziive, kukamuliwa kwa nyasi, maji yake kuchanganywa na unga wa mtama, na kungoja ichachuke. Mama mwingi amewavisha watoto wake sare za shule kwa jasho hilo. Hatutaki kumdharau.

Lakini Kanisa latufundisha fadhila ya kiasi, ambayo ni moja ya fadhila nne kuu, pamoja na busara, haki na nguvu. Zamani pombe ilikuwa na mahali pake: baada ya kulima kwa pamoja, katika arusi, mbele ya wazee, na mzee alikuwa na ruhusa ya kumwambia kijana, “Sasa yatosha.” Kwenye kibanda cha mpira hapana mzee wa kusema hivyo. Mtu hunywa kwa sababu timu yake imefunga, hunywa tena kwa sababu imefungwa, na mara nyingine hunywa kwa fedha ambazo hajazipata, akiutumainia mkeka. Hapo ndipo vitu viwili vilivyo mbali vyaungana: kikombe chadhoofisha akili, na akili iliyodhoofika yaandika mkeka mwingine.

Na kuhusu kubahatisha, mafundisho ni ya wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika fungu la 2413 yaeleza kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Hugeuka kuwa kitu kisichokubalika pale inapomnyang’anya mtu riziki yake au riziki ya wale wanaomtegemea. Tena yaonya kwamba tamaa ya mchezo huo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi swali la Mkristo si hili tu, “Je, imeruhusiwa?” Swali ni, “Fedha hii ni ya nani?”

II. MKEKA NA HESABU YAKE

Sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliunda Bodi ya kusimamia biashara hiyo, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 hana ruhusa kucheza. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila achezaye amevunja sheria. Twasema tu kwamba wengi hucheza bila kujua hesabu. Na tuifanye hapa, polepole.

Tuseme mtu ameandika mkeka wa mechi kumi. Tuseme pia kwamba katika kila mechi, timu aliyoichagua ina nafasi ya kushinda iliyo sawa na nafasi ya kutoshinda, kama sarafu irushwayo juu. Kupatia mechi moja ni nafasi moja katika mbili. Mechi mbili, moja katika nne. Mechi tatu, moja katika nane. Ukiendelea hivyo mpaka mechi ya kumi, utaona kwamba nafasi yake ni moja katika 1,024. Akiandika mkeka mmoja kila Jumamosi, wastani wake ni kushinda mara moja katika miaka ipatayo 20.

Sasa tazama malipo. Kama kampuni isingetaka faida, kwa dau la Sh. 1,000 ingempa mshindi huyo Sh. 1,024,000. Lakini kampuni ni biashara. Katika kila mechi, badala ya kuahidi mara mbili ya dau, yaweza kuahidi mara 1.8. Punguzo hilo laonekana dogo. Lizidishe mara kumi, nawe utaona kwamba mshindi hupata Sh. 357,000 hivi. Maana yake, mtu huyo kwa kawaida atakuwa ametoa Sh. 1,024,000 ili apate Sh. 357,000, na tofauti, yaani zaidi ya Sh. 660,000, imekwenda zake. Haikuibwa usiku. Aliitoa mwenyewe, elfu moja moja, akicheka.

Mpenzi wa mpira atajibu, “Lakini mimi naujua mpira, sichagui kama arushaye sarafu.” Ndugu yetu, kampuni nayo yaujua mpira. Yajua nani ameumia na nani amefukuzwa uwanjani, na timu ikiwa na nguvu malipo yake hupunguzwa kabla wewe hujafungua simu yako.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Hawakusema ni kibaba cha nani.

III. MANENO NUSU

Kama hesabu ni hiyo, mbona watu hawachoki? Jawabu letu ni hili: kwa sababu ya maneno nusu. Aliyepata laki moja hutangaza kibandani, hununua pombe kwa meza nzima, na habari yake hufika mpaka kijiji cha pili. Aliyepoteza hunyamaza, au hufanya mzaha kwamba mkeka umechanika, kana kwamba ni mkeka wa ukindu ulioliwa na panya. Hivyo kijana wa miaka kumi na mitano husikia ushindi mmoja kwa sauti kubwa, na hasara mia zapita kimya. Naye hujenga maisha yake juu ya hesabu aliyoisikia.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Mtu asemaye ushindi wake na kuficha hasara zake hajatamka neno la uongo, lakini aliyemsikiliza ameondoka na uongo moyoni. Ndiyo sababu twasema kwamba maneno ya mpira si mchezo.

Matangazo nayo yamesaidia. Mwaka 2017 jina la kampuni ya SportPesa liliandikwa kwenye jezi za Simba na Yanga pia, na mwezi wa Julai mwaka huo Everton ya Uingereza ililetwa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, ikashinda mabao 2 kwa 1. Taifa zima lilifurahi, na si vibaya kufurahi. Lakini mtoto aliyevaa jezi ya namna hiyo alijifunza kusoma jina la kampuni ya kubeti pamoja na jina la timu yake. Na majirani zetu wa Kenya waliona upande wa pili: mwaka 2019 serikali yao ilipokataa kuendeleza leseni za makampuni 27 ya kubeti, Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta bila mfadhili. Ikiwa klabu kubwa hutikisika hivyo, nyumba yenye magunia manne ya maharage itakuwaje?

IV. MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Hatutaki kumaliza kwa kulaumu. Jamaa ya Kikristo yaweza kufanya mambo haya:

1. Achezaye na awe na daftari. Kwa miezi mitatu aandike kila shilingi iliyotoka na kila shilingi iliyorudi, kisha amsomee mkewe. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Maharage, mahindi au kahawa ikiuzwa, fedha igawanywe mbele ya mume na mke kabla haijafika kibandani: chakula, mbegu, dawa, mahitaji ya shule, zaka. Atoaye dau katika fungu la watoto amewaibia watoto wake, nayo ni amri ya saba.

3. Pombe ilipwe kwa fedha iliyopo. Mama muuzaji naye asikopeshe kwa ahadi ya mkeka, kwa maana kikombe hicho ni deni la mke wa mnywaji.

4. Mtoto asitumwe kununua pombe, wala asipewe simu ya baba ili aandike mkeka. Sheria imemkataza, mzazi asiwe mtu wa kumfundisha kuivunja.

5. Yule aliyeshindwa kuacha asichekwe. Utumwa hauondoki kwa dhihaka. Aletwe kwa upole kwa padri, au kwa mzee mwaminifu wa jumuiya ndogo ndogo.

6. Na azungumzaye ushindi wake, azungumze hasara zake palepale. Ni jambo dogo, lakini kibanda kikizoea neno zima, watoto wa dirishani watajifunza hesabu iliyo kweli.

Maswali kwa ajili ya jamaa: Ni nani nyumbani kwetu ajuaye mapato yote ya nyumba? Je, watoto wetu wametusikia tukitaja hasara yetu hata mara moja? Jumamosi hii, twaweza kuutazama mpira mpaka mwisho bila dau na bila deni?

Msalabani askari walipigia kura vazi la Bwana, na bila shaka mmoja wao aliondoka akifurahia bahati yake. Hatua chache kutoka hapo Mama alikuwa amesimama. Askari hakumtazama. Wewe, baba na kijana, utokapo kibandani usiku, mtazame yule aliyesimama mlangoni kwako akikungoja.