Kabla ya Kumlipa Wakili New York

Anayetafuta wakili huwa na haraka. Barua ya mahakama imefika, mwenye nyumba anataka nyumba yake, au mahojiano ya uhamiaji yamekaribia, na jirani ametaja jina la mtu "anayejua mambo ya sheria". Haraka hiyo imewagharimu pesa nyingi ndugu zetu wanaoishi Buffalo, Syracuse, Utica, Rochester na jiji la New York lenyewe. Hapa nitakueleza unavyoweza kumtambua wakili wa kweli, karatasi unayostahili kupewa, mahali pesa yako inapaswa kukaa, na pa kwenda mambo yakiharibika. Sehemu kubwa ya hatua hizi ni bure.

Swali la kwanza: nani humpa wakili leseni? Marekani haina leseni moja ya uwakili kwa nchi nzima. Kila jimbo lina mawakili wake, kanuni zake na adhabu zake. Katika New York mamlaka hayo yako mikononi mwa mahakama ya rufani iitwayo Appellate Division, ambayo ina kanda nne. Ukitoka Kenya au Tanzania umezoea kwamba wakili lazima awe mwanachama wa chama cha mawakili cha nchi hiyo, LSK au TLS. New York sivyo. Chama cha mawakili cha jimbo, kilichoanzishwa mwaka 1876, ni cha hiari. Kwa hiyo cheti cha uanachama kilichotundikwa ukutani hakikuthibitishii kwamba mtu ana leseni, na asiyekuwa nacho hana kosa. Kithibitisho ni rejista ya mahakama.

Rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu. Fungua tovuti ya mahakama za jimbo, nycourts.gov, utafute sehemu iitwayo Attorney Search, kisha uandike jina kama lilivyo kwenye kadi yake. Utaona mwaka alioapishwa, chuo alichosomea sheria, anwani ya ofisi, kama usajili wake uko hai, na kama amewahi kuadhibiwa hadharani. Hulipi chochote. Jina lisipoonekana, mwombe namba yake ya usajili. Wakili halali hana sababu ya kuificha, maana usajili huo ameulipia: kila baada ya miaka miwili analipa dola 375. Ukikuta amesimamishwa kazi au amefutwa kwenye orodha, usimpe hata dola moja, hata kama ni mtu wa kwenu na mnasali pamoja.

Kesi za uhamiaji zina utaratibu wa pekee. Sheria ya uhamiaji ni ya taifa zima, hivyo wakili mwenye leseni ya Ohio au Texas anaweza kukusimamia ukiwa Buffalo. Muulize leseni yake ni ya jimbo gani, kisha ukague rejista ya jimbo hilo. Wapo pia wawakilishi ambao si mawakili lakini wameidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia uhamiaji tu. Hao hufanya kazi ndani ya mashirika yasiyo ya kibiashara, na majina yao yamo katika orodha inayotolewa na wizara hiyo. Mtu akikuambia "nimeidhinishwa" na jina lake halimo, ondoka.

Hapa inabidi tukae kidogo kwa habari ya manotari, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Kongo na Burundi, notari ni mtu mzito na hati yake ina nguvu ya sheria. Notari wa New York ni shahidi wa saini tu. Anakagua kitambulisho chako, anakuona ukitia saini, anagonga muhuri, na kwa kazi hiyo sheria inamruhusu kukutoza dola 2 ukiwa mbele yake. Haruhusiwi kukushauri uombe hifadhi au usiombe, wala kukuchagulia fomu. Mtu yeyote asiye wakili anayekutoza pesa kwa huduma za uhamiaji, kama kutafsiri na kujaza fomu kwa maneno yako mwenyewe, lazima akupe mkataba wa maandishi katika lugha unayoielewa, na una siku 3 za kazi za kuuvunja. Pesa iliyopotea unaweza kuitafuta tena, ndugu yangu. Maelezo ya uongo yaliyokwisha kupelekwa serikalini kwa jina lako ni vigumu mno kuyafuta, na yanaweza kukufungia njia kwa miaka mingi. Ndiyo maana nasema usisaini fomu yoyote ambayo hujasomewa yote kwa lugha unayoielewa.

Je, kila mtu lazima alipe? Hapana. Ukishtakiwa kwa jinai na huna uwezo, serikali lazima ikupe wakili. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1963. Katika mahakama ya familia pia, asiye na uwezo hupewa wakili katika mambo kama malezi ya mtoto na amri za ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa mawakili wa bure wapangaji wa kipato cha chini wanaotishiwa kufukuzwa nyumbani. Uhamiaji ni tofauti: una haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haimlipi, na hivyo inafaa uanze na mashirika kama Journey's End la Buffalo, linalohudumia wakimbizi. Tovuti ya LawHelpNY inaorodhesha misaada ya bure kulingana na eneo na aina ya kesi. Kama unaweza kulipa kiasi lakini humjui wakili, vyama vya mawakili vina huduma ya kukuunganisha naye. Kikao cha kwanza cha nusu saa hugharimu kama dola 35.

Umempata na amekaguliwa. Sasa dai karatasi. Kanuni ya New York inamtaka wakili akupe barua ya makubaliano ikiwa ada inatarajiwa kufika dola 3,000 au zaidi. Barua hiyo inaeleza kazi atakayofanya, namna atakavyokutoza, gharama za ziada, na haki yako ya kupeleka mgogoro wa ada kwa wasuluhishi. Kesi ya talaka ina masharti makali zaidi: mkataba ulioandikwa ni lazima hata kama ada ni ndogo, lazima upewe tamko la haki za mteja, lazima upate ankara angalau kila siku 60, na wakili haruhusiwi kukuwekea sharti kwamba malipo ya awali hayarudishwi. Ada ikiwa chini ya dola 3,000 katika kesi nyingine, omba barua hivyo hivyo. Kuomba si kumdharau.

Ada zenyewe ni za aina tatu. Kuna ya kwa saa, ambapo simu ya dakika kumi nayo inahesabiwa. Kuna ya mkupuo, kiasi kimoja kwa kazi nzima, ambayo ni ya kawaida katika uhamiaji. Ya tatu ni ya fungu: hulipi mwanzoni, ila ukishinda fidia wakili anachukua sehemu yake. Kwa ajali za barabarani au za kazini zinazofunguliwa kesi ya madai, fungu la kawaida ni theluthi moja. Kwa makosa ya hospitali, sheria imepanga ngazi: asilimia 30 ya dola 250,000 za kwanza, asilimia 25 ya 250,000 zinazofuata, na kuendelea kushuka. Uliza mapema kama gharama za kesi zinakatwa kabla au baada ya kugawana. Katika talaka na jinai, ada ya fungu imekatazwa.

Fidia ikilipwa, hundi kwa kawaida hupitia kwa wakili. Pesa hiyo si yake. Lazima aiweke katika akaunti ya amana, yaani akaunti ya kutunzia mali ya wateja iliyotengwa kabisa na pesa zake mwenyewe, akuarifu bila kuchelewa, na atunze kumbukumbu zake kwa miaka 7. Kampuni ya bima inayolipa dola 5,000 au zaidi kupitia kwa wakili inatakiwa kukuandikia wewe pia. Kwa hiyo ukihama nyumba, badilisha anwani yako kila mahali, maana barua hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba pesa imetoka.

Na lugha? Mahakama za New York hutoa mkalimani bure, kwa jinai na madai vilevile. Mwambie karani mapema kwamba unahitaji Kiswahili, na utaje kama ni cha Kongo au cha pwani, ili mwelewane. Usimfanye mtoto wako mkalimani.

Mambo yakiharibika, chagua mlango kulingana na tatizo. Kumbuka kwanza kwamba unaweza kumwachisha wakili kazi wakati wowote, na pesa aliyolipwa kabla ya kuifanyia kazi lazima airudishe.

Kama mnabishania ada kati ya dola 1,000 na 50,000 katika kesi ya madai, omba usuluhishi. Ukiuchagua wewe mteja, wakili hana hiari ya kukataa. Akikuletea notisi ya mgogoro wa ada, una siku 30 tu za kuomba, kwa hiyo usiiache mezani.

Kama amekudanganya, amekutelekeza au hajibu simu miezi mizima, andika malalamiko kwa kamati ya nidhamu ya kanda yake. Manhattan na Bronx ni kanda ya kwanza; Brooklyn, Queens na Staten Island ya pili; Albany ya tatu; Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica ya nne. Hulipi, na malalamiko hubaki siri mpaka mahakama itoe adhabu ya hadharani. Ambatisha nakala za risiti, barua na ujumbe wa simu, ubaki na asili. Kamati haikurudishii pesa. Kama uzembe wake umekupotezea kesi, fidia ya hasara hiyo hudaiwa mahakamani, na kwa kawaida una miaka 3.

Kama wakili ameiba pesa yako, upo mfuko uitwao Lawyers' Fund for Client Protection, ulioanzishwa mwaka 1982, ofisi zake ziko Albany. Unaendeshwa kwa michango ya mawakili wenyewe, dola 60 kutoka katika kila ada ya usajili, wala si kwa kodi. Unaweza kumlipa mteja hadi dola 400,000 kwa hasara moja. Kuomba ni bure, na wakili anayekusaidia kujaza maombi haruhusiwi kukutoza. Mfuko hauhusiki na uzembe wala ubishi wa ada. Unahusika na wizi. Usichelewe: maombi yana muda wa miaka 2.

Kwa maswali ya uhamiaji, kama huna pa kuanzia, piga simu ya bure ya ofisi ya jimbo inayohudumia wageni, 1-800-566-7636, useme "Swahili" mara tu wakipokea, watakutafutia mkalimani. Fanya hivyo kabla hujamkabidhi mtu yeyote pesa taslimu, na ukishalipa, usitoke ofisini bila risiti yenye jina lake, tarehe na kiasi.