Asilimia 3 ya nini? Soma kifungu cha matangazo kabla ya kusaini

Unauza kuku na chipo Gatwekera, na kampuni imekuletea mkataba utumie jina lake, vile KFC inavyoendeshwa Nairobi tangu 2011? Anza na kifungu cha matangazo.

Tuseme ada ni asilimia 3. Inaonekana kidogo, lakini mara nyingi huhesabiwa kwa mauzo, si faida. Till ikiingiza 600,000 kwa mwezi na faida yako ni 60,000, ada ni 18,000. Hiyo ni asilimia 30 ya faida! Na mabango ya mtaani huenda bado ni juu yako.

Ukikosa kulipa, kwa kawaida unapewa notisi yenye siku za kurekebisha. Zikiisha, jina linaondoka, deni na kodi ya duka vinabaki. Kenya haina sheria maalum ya mikataba hii, kwa hivyo kilichoandikwa ndicho kitakubana. Uliza siku ni ngapi.

Lipa ada kwa simu, si keshi mkononi, na utunze ujumbe. Pesa ya chama nayo isipitie till ya hoteli: wakikagua taarifa yako, watataka kuihesabu kama mauzo.