Karte ya Chanjo Mbele ya Kaye



Kila mwezi wa tisa, masomo ikikaribia kufunguliwa, tunatafuta nguo, kaye na bike. Lakini karte ya chanjo, ile mama alipewa ku kilo, watu wachache tu wanaikumbuka. Tuone juu ya nini inapashwa kutangulia.

1. Surua inapenda banki iliyojaa

Surua, ile wengine wanaita rujole, inapita mu hewa. Mgonjwa anaanza kuambukiza siku 4 mbele ya vipele kutokea. Anakohoa, tunafikiri ni mafua tu. Mtu mmoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga. Mu 2019 masomo ya primere ya serikali ilitangazwa bure, watoto wakajaa mu madarasa. Mwaka ule ule surua ilienea mu inchi yetu: kufika mwezi wa kwanza 2020, OMS ilihesabu wafu kupita 6000.

2. Siku za chanjo

Akizaliwa: BCG juu ya kifua kikuu, na matone ya polio. Juma la 6, la 10 na la 14: polio tena, na sindano moja ya magonjwa 5, ndani yake pepopunda na kifaduro. Miezi 9: surua na homa ya manjano. Kuko na zingine. Muganga atazionyesha ku karte.

3. Sisi watu wa Kolwezi

Shaba na kobalti inaleta jamaa nyingi hapa, toka Bukama, Kamina, Likasi. Wanabeba masufuria na magodoro, karte inabaki. Ikipotea, tusifiche mtoto ku nyumba kwa haya. Twende ku santé, muganga aangalie kitabu chake. Kama chanjo moja ilipita, hawaanzi upya. Wanaendelea pale walikomea. Na homa kidogo kisha sindano, mara nyingi inakwisha kwa siku moja ao mbili.

Chanjo inaweza kumaliza ugonjwa kabisa. Ndui ilionekana mara ya mwisho mu inchi yetu mu 1971. Mu 1980 OMS ilitangaza imekwisha mu dunia nzima.

Maswali

a) Karte ya mdogo wako iko wapi leo?
b) Chanjo gani inakosekana?
c) Nani atamupeleka, na siku gani?

Jibu la c liandikwe ku nyumba, pamoja na mama ao baba.