Mjusi wa Mawe Ana Sumu?

Leo tujifunze habari za jirani yetu mmoja. Sisi wa Ikoma tunamwona sana. Jua likipanda, hutoka katika ufa wa mwamba, akaota jua. Mwili wake hauna joto lake wenyewe kama wetu. Lazima aote kwanza ndipo apate nguvu za kukimbia.

Ana kichwa chekundu, na wekundu huo hufika mabegani. Kutoka hapo mpaka mkiani ni buluu. Huyo ni dume. Jike ana rangi ya udongo, hata adui hamwoni upesi juu ya jiwe. Wengi hudhani hao ni mijusi wa aina mbili. Sivyo. Ni mume na mke! Dume mkubwa, pamoja na mkia, hukaribia urefu wa rula ya shule, yaani sentimita 30.

Wataalamu humwita Agama mwanzae, kutokana na jina la Mwanza. Jina hilo alilitoa Arthur Loveridge mwaka 1923. Mjusi huyu yuko Tanzania, Kenya na Rwanda. Huku Serengeti hukaa kwenye vilima vya mawe, naye hula wadudu.

Wako wanaosema, "Wee, huyo akikuuma hufiki nyumbani!" Si kweli. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Akitikisa kichwa, hamtukani mtu. Anawaonya madume wenzake: hapa pangu!

Basi hatari iko wapi? Iko ndani ya ufa. Watoto wetu wakichunga humfukuza kwa mawe. Akiingia ufani, wanatia mkono. Kumbe mle mle hujificha nyoka na nge! Tuwakanye watoto.

Na mtoto akiumwa na nyoka, tusimchanje, tusinyonye jeraha, wala tusimfunge kamba. Tumtulize, asitembee, asitikise mahali alipoumwa. Tumbebe upesi mpaka hospitali.

Mjusi wa mawe tumwache aote jua lake.

MASWALI
1. Dume na jike wa mjusi huyu wanatofautianaje?
2. Kwa nini mtoto asitie mkono katika ufa wa mwamba?
3. Mtu akiumwa na nyoka, tusifanye mambo gani matatu?

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.