Hukumu ya Deni Nisilolijua

SWALI: Dalali wa mahakama ameniletea notisi ya kukamata mali yangu hapa Nakuru kwa mkopo nisioujua. Kitambulisho changu kilipotea mwaka jana. Nifanyeje?

JIBU: Usilipe chochote wala kusaini mpango wa kulipa, utaonekana umekiri deni. Piga ripoti polisi kuhusu kitambulisho kilichopotea, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Nenda masjala ya mahakama usome faili: nani aliapa kwamba alikukabidhi samansi? Kupitia wakili, omba hukumu hiyo iliyotolewa bila utetezi wako itenguliwe chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Omba pia utekelezaji usimamishwe haraka, maana dalali hangoji. Kisha pinga deni hilo kwa maandishi kwa shirika la kumbukumbu za mikopo (CRB), na upige *106# kukagua laini za simu zilizosajiliwa kwa jina lako.