Mbwa mukubwa anapotolewa: kujua tabia yake mbele ya kumupokea



Somo la mara hii halina mbegu wala mbolea, lakini linagusa depo ya mahindi, mbuzi, na zaidi ya yote watoto wetu. Kuzunguka Likasi, upande wa Kambove na vilevile ku njia ya Kapolowe, ulizo moja linarudia katika mikutano: tumupokee mbwa mukubwa wa muji, ao tumukatae?

Tunajua namna mambo yanaanza. Mufanyakazi wa kampani ya mine anamaliza kontra na kurudi kwao. Familia inahamia Lubumbashi, ku nyumba isiyo na lupango. Mbwa wa kilo 40 anabakia na sentinele, na sentinele hana chakula cha kumupa. Basi mutu anasema: "Batu ba koperative beko na depo, bamuchukue." Kati yetu, mumoja anafurahi kwa sababu ni mbwa wa bure. Mwengine anakataa palepale: "Ile imbwa iko shefu, itatushinda." Wote wawili wameamua mbele ya kumuangalia mbwa mwenyewe. Somo hili linaonyesha namna ya kumuangalia.

1. Je, kuko mbwa "shefu"?

Mawazo ya mbwa shefu yalitoka mbali. Katika mwaka wa 1947, Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu wa inchi za baridi, wale Wafaransa wanawaita loup, waliofungwa katika zoo ya Basel, inchi ya Uswisi. Wanyama wale walikuwa wamefungwa pamoja pahali padogo, na walipigana sana. Watu wakatoa fundisho kwamba kila kundi liko na shefu anayetawala kwa nguvu, na wengine wanatafuta kila siku kumuangusha. Mumarekani L. David Mech alieneza mawazo yale katika kitabu chake cha 1970. Lakini kisha kuangalia loup walio huru kule Ellesmere, kisiwa cha Kanada, Mech yeye mwenyewe aliandika katika 1999 kwamba kundi la porini ni jamaa: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi tu, kama kwetu.

Tena, mbwa wetu si loup. Ni kweli kwamba mbwa wawili wakikutana ku mufupa mumoja, mumoja anaweza kumuachia mwengine. Lakini ile ni mambo ya mbwa wale wawili na mufupa ule. Haionyeshi kwamba mumoja anataka kutawala nyumba yenu. Mbwa anapomungurumia mutu, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi:

– Woga. Hakumujua mutu wa namna ile tangu udogo, ao alipigwa. Mutoto wa mbwa anazoea dunia hasa kati ya wiki 3 na wiki 14 hivi za maisha yake. Kama wakati ule alikaa mu lupango moja tu na kuona watu wawili, akikomaa anaogopa watoto, kinga, watu wenye kubeba muzigo ku kichwa.
– Kuchunga kitu. Chakula, pahali pa kulala, ao mutu anayemulisha.
– Maumivu. Sikio bovu, kiuno, kidonda, kupe wengi. Mbwa mutulivu anayebadilika gafula, mumufikirie kwanza kuwa mugonjwa.
– Kuchunga mupaka. Hiyo ndiyo kazi watu walimupa.
– Mazoezi. Amejifunza kwamba akinguruma, watu wanarudi nyuma.

Juu ya nini tunasisitiza jambo hili? Kwa sababu mutu anayeamini kwamba mbwa anataka kuwa shefu atatafuta kumushinda. Atamupiga fimbo, atamuangusha chali, atamunyima chakula. Mbwa mwenye woga ataogopa zaidi. Na mbwa anayepigwa kila mara anaponguruma, ataacha kunguruma, lakini hataacha kuogopa. Ni sawa na kuondoa taa nyekundu ku mashini ya kusaga: taa imezimika, lakini moteri ingali inaungua. Siku nyingine mbwa yule atauma bila kuonya.

2. Kusoma mwili wa mbwa

Mbwa anasema mbele ya kuuma. Mufundishe watoto wote alama hizi:

– Anageuza kichwa pembeni, anajilamba midomo, anapiga miayo na hana usingizi: hana raha. Mumuache.
– Anaweka mukia katikati ya miguu na kuinama: anaogopa. Musimufuate ku kona.
– Mwili unakuwa mugumu kama ubao, macho yanakaza, kinywa kinafungwa: hatari iko karibu. Simama, usikimbie, angalia pembeni, rudi nyuma polepole.
– Ananguruma na kuonyesha meno: hiyo ni onyo la mwisho.

Mukia unaotikisika hausemi sikuzote kwamba mbwa anafurahi. Ukiwa juu, mugumu, ukitikisika mbio-mbio, mujichunge.

3. Maulizo ya kuuliza mbele ya kumupokea

Musimuchukue mbwa siku ile ya kwanza munapoitwa. Watu wawili wa komite waende kumuona mara tatu, siku mbalimbali, na mara moja ifike saa ya kula. Waulize mwenyewe, na waulize sentinele kipekee, kwa kuwa ni yeye anayeishi na mbwa:

– Amekuwa hapa myaka ngapi, na juu ya nini wanamutoa?
– Ameishi na watoto? Na mbuzi, kuku?
– Kuko mutu aliyeumwa? Ni nani, wapi ku mwili, na namna gani?
– Kazi yake ilikuwa kufungwa na munyororo, ao kutembea huru?
– Karte ya chanjo iko wapi? Chanjo ya kichaa ilifanywa tarehe gani?
– Nani anaweza kumufunga kamba leo, mbele yetu?

Mumukatae kama aliuma mutu kwa nguvu bila kuonya, kama hakuna mutu hata mumoja anayeweza kumufunga kamba, ao kama familia inayopaswa kumuchunga iko na watoto wadogo na yeye hajawahi kuishi na watoto. Kukataa si ubaya. Ubaya ni kumupokea, halafu kumusukumia jirani bila kusema kweli. Mwenye kutoa mbwa anapaswa kusema kila kitu, na koperative iandike majibu yake ku karatasi, pande mbili zitie sinyatire.

4. Mbwa wa lupango si mbwa wa mbuzi

Wamemba wengi wanafikiri mbwa mukubwa wa muji atachunga mbuzi. Hapana. Huko Namibia, shirika Cheetah Conservation Fund limeanza tangu 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa Uturuki kusudi wachunge mbuzi na kondoo. Wanawaweka kati ya mifugo wakingali wadogo sana, wakiwa na miezi miwili ao mitatu, ili wakomae wakiona mbuzi kuwa jamaa yao. Mbwa wa muji wa myaka mine hakukomaa vile. Kwake mbuzi anayekimbia ni kitu cha kufuata. Kama munatafuta mbwa wa mbuzi, mutafute mutoto wa mbwa, mumukomaze pale mbuzi wanalala. Yule wa muji anaweza kufaa ku depo yenye fensi, kama tabia yake ni nzuri.

5. Mufanye hesabu ya chakula

Mbwa wa kilo 40 anahitaji karibu nusu kilo ya unga wa mahindi kila siku, upikwe bukari ao uji, pamoja na ndakala ao mabaki ya nyama. Kwa mwezi ni kilo 15. Kwa mwaka ni kilo 180, ni kusema karibu mifuko mine ya kilo 50. Boerboel wa Afrika ya Kusini, anayeweza kupita kilo 70, anakula zaidi. Mbwa wetu wa mugini, wa kilo 15 hivi, anatosheka na nusu ya chakula kile. Muongeze chanjo ya kila mwaka, dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Kama mukutano mukubwa haukubali hesabu hiyo, mbwa asifike. Mbwa mwenye njaa ataiba kuku wa majirani, na majirani watamuwekea sumu.

Musimupe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama sindano ndani ya matumbo. Musimupe kitunguu. Na musimutupie mapafu ao maini mabichi ya mbuzi na kondoo yenye mifuko ya maji: mule muko minyoo inayopita ku mbwa na kisha kuingia ku watu.

6. Wiki za kwanza

Siku tatu za kwanza. Mbwa akae pahali pamoja penye fensi, kivuli na maji mengi. Mutu mumoja tu amulishe, aliyechaguliwa na komite. Asiingizwe wageni kumuona. Anaweza kukataa kula siku moja ao mbili, ni kawaida. Mulango ufungwe vizuri, kwa kuwa wakati huu ndio mbwa wanatoroka.

Wiki tatu za kwanza. Mulishaji amutembeze na kamba ya nguvu asubui na magaribi, njia ileile. Amuite kwa jina lake la zamani, musimubadilishie. Akija anapoitwa, apewe kipande cha ndakala. Saa ya kula, mulishaji asiweke mukono ndani ya sahani kusudi "kumuonyesha shefu ni nani". Atupe kipande kizuri karibu na sahani na kupita. Kisha siku nyingi mbwa ataanza kufurahi mutu anapokaribia chakula.

Miezi mitatu ya kwanza. Sasa aone wamemba wengine, mumoja-mumoja, wakiwa pamoja na mulishaji. Asiachwe peke yake na mutoto, hata dakika moja, hata kama anaonekana mupole.

Munyororo muchana kutwa unaharibu tabia. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo anachagua kuuma. Ni vizuri kujenga banda lenye fensi ya muchana, kisha kumufungua usiku ndani ya lupango ya depo. Muandike ku mulango: KUKO MBWA. Na kuhasi mbwa dume kunapunguza kutangatanga, lakini hakuondoi woga, kwa hiyo musikutegemee kama dawa ya kuuma.

7. Akiuma mutu

Hapa hakuna kungoja. Kichaa cha mbwa, ugonjwa watu wa hospitali wanaita rage, kikisha kuonyesha alama ku mutu, karibu kila mara kinamuua. Karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu vinatoka ku mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaozaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wenye hawajafika myaka 15. Lakini chanjo kisha kuumwa inaokoa. Ilijulikana tangu 1885, wakati Louis Pasteur alimuchanja Joseph Meister, mutoto wa myaka 9.

– Osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Angalia saa.
– Usitie mafuta, majani, majivu wala pilipili. Usimupeleke mutu kwanza ku munganga wa miti.
– Mupeleke siku ileile ku hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa iko na karte. Chanjo inatolewa mara nyingi, kwa siku mbalimbali. Mutu asikatize sababu anajisikia muzima.
– Musiue mbwa mbio kama anaweza kufungiwa bila hatari. Veterineri amuangalie siku 10. Mbwa aliyekuwa tayari anaeneza kichaa wakati aliuma, hatakosa kuonyesha ugonjwa ao kufa ndani ya siku zile. Kama aliuawa ao alitoroka, mumuambie muganga.

Chanjo ya mbwa inaanza akiwa na miezi mitatu, na inarudiliwa. Kusudi ugonjwa uache kutembea katika mugini, wachanjwe mbwa 70 kati ya 100, si yule wa depo peke yake. Mukimupokea mbwa mukubwa, mutumie nafasi ile kumuita veterineri kwa mbwa wote wa wamemba siku moja. Muzigo wa safari yake utagawanywa.

8. Kwa mazungumuzo katika kikundi

Musome maulizo haya pamoja mbele ya mukutano kuamua:

– Depo yetu inahitaji kweli mbwa, ao kufuli mupya na sentinele wa pili vitatosha?
– Nani atakuwa mulishaji, na nani atamusaidia akigonjwa?
– Mifuko mine ya unga itatoka ku sanduku gani?
– Kutoka hapa mpaka hospitali yenye chanjo ya watu ni kilometa ngapi, na nani iko na moto?
– Kama mbwa hafai kisha miezi mitatu, atarudi kwa nani? Liandikwe mbele hajafika.

Kama kikundi kinajibu yote matano, mbwa anaweza kupata nyumba nzuri, na depo inaweza kupata muchungaji. Kama jibu moja linakosekana, mumuambie mwenye mbwa kwa heshima kwamba koperative haiko tayari, na mumuombe amulishe mpaka apatikane mutu mwenye nafasi.