Geuza Pakiti, Mdogo Wangu

Msichana mmoja wa hapa kwetu Lac Vert, Goma, ambaye sasa anasoma Liège, Ubelgiji, ameniandikia kwamba aliingia dukani saa kumi jioni na kutoka saa kumi na mbili akiwa na mkate, ndizi na mayai. Vitu vitatu ambavyo, kwa maneno yake, havihitaji kusomwa. "Dada, hapa kila kitu kimefungwa, na hakuna mtu wa kuuliza."

Nakuelewa, mdogo wangu. Sisi tumelelewa kwa kuuliza. Pale soko la Kituku unainama juu ya beseni la sambaza, unatazama jicho, unanusa, unamuuliza mama zimevuliwa usiku gani, na akikudanganya, kesho unamrudia na makelele. Maharagwe tunapimiwa kwa kopo la Guigoz ambalo karatasi yake ilibanduka zamani. Jibini la Masisi linakatwa ukiwa unaona, na kipande cha kuonja unapewa. Bulaya yule mama wa beseni hayupo. Imebaki karatasi.

Sasa sikiliza. Karatasi hiyo ina mbele na nyuma. Mbele inanadi: ng'ombe kwenye majani, bibi kizee anayetabasamu, neno "tradition". Nyuma inaongea kama mtu aliyeapishwa, kwa sababu Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2011, namba 1169, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2014, inayomlazimisha mtengenezaji aseme kilichomo. Kwa hiyo ukichukua kitu, kabla hakijaingia kwenye kikapu, kigeuze.

Mimi nilijifunza hilo kwa tumbo langu. Mwezi wangu wa kwanza Brussels nilinunua kibakuli kilichoandikwa "filet américain". Kitu laini, chekundu, bei ya chini. Nikadhani ni cha kupaka kwenye mkate, kilichopikwa tayari, kama pâté. Nilikila siku mbili nzima na nikamsifia jirani yangu. Siku ya tatu nikageuza kibakuli, nikasoma: nyama ya ng'ombe, mbichi. Mbichi! Wabelgiji wanaipenda sana na wala hawaoni ajabu. Lakini mimi ni mtoto wa Goma, nyumbani kwetu nyama haiitwi nyama mpaka jirani aulize mnapika nini. Sikuugua. Nilikaa tu jioni nzima nimeshika tumbo, nikisubiri kuugua.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni tarehe, maana hapo ndipo watu wetu wanapopoteza ama afya ama pesa. Kuna maneno mawili, na hayafanani. "À consommer jusqu'au", ambayo kwa Kiholanzi, upande wa Flanders, wanaandika "te gebruiken tot", ni amri. Utaikuta kwenye kuku, nyama ya kusaga, samaki, saladi iliyokatwa. Siku hiyo ikipita, usile, hata kama hakinuki. Najua kwetu pua ndiyo hakimu, lakini kuna vijidudu kama listeria ambavyo havitoi harufu yoyote, na mwanamke mwenye mimba ndiye anayeviogopa zaidi.

Ya pili ni "à consommer de préférence avant", au "ten minste houdbaar tot". Hiyo ni ombi tu. Neno la kushika ni "préférence". Mchele, tambi, biskuti, kahawa, makopo: siku ikipita, ladha inaweza kupungua kidogo, chakula hakigeuki sumu. Nilimkuta binti mmoja wa kwetu akimimina mfuko mzima wa mchele kwenye takataka kwa sababu ya wiki moja. Nikamwambia, mwenzangu, huko Lac Vert tumeona watu wakipanga mstari tangu alfajiri kwa mchele usio na tarehe kabisa. Tuliupika usiku ule ule, na sombe ya Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels, juu yake.

Ukielewa tofauti hiyo, ile stika ya punguzo la asilimia 30 au 50 wanayobandika kwenye vitu vilivyokaribia siku yake inakuwa rafiki yako. Nyama yenye tarehe ya leo ni nyama nzuri, mradi uipike leo au uigandishe leo.

Tena tarehe inahesabu baridi. Ukiona "à conserver entre 0 et 4 °C", maana yake tarehe ile ni ya kweli ndani ya frigo tu, na pakiti ikiwa bado imefungwa. Ukishafungua, kuna mstari mwingine mdogo unaokupa siku mbili au tatu. Kwa hiyo ninyi mnaotubebea soseji na jibini laini kwenye sanduku, mkishuka Kigali na kuja kwa barabara mpaka huku, ile tarehe mliiacha uwanja wa ndege. Tuleteeni chokoleti.

Haya, viungo. Vinaandikwa kwa kufuata uzito: cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote, cha mwisho ndicho kidogo. Chukua kipande cha kiungo cha mchuzi usome. Mara nyingi bosi wa kwanza ni chumvi. Na jina la kitu lina mipaka ya sheria. Kikiitwa "jus", hakiruhusiwi kuongezwa sukari. Kikiitwa "nectar", mambo yamebadilika: nectar ya embe inatosha kuwa na robo tu ya tunda, yaani asilimia 25, kinachobaki ni maji na sukari. Picha ya embe mbele ni kubwa ile ile.

Sukari yenyewe iko kwenye jedwali, mstari wa "dont sucres". Usisome safu ya "par portion", kwa sababu portion wanapanga wao, biskuti mbili, kana kwamba kuna mtu hula biskuti mbili. Soma ya gramu 100. Soda ikiwa na gramu 10,6 kwa mililita 100, kopo la sentilita 33 linabeba gramu 35. Kijiko cha chai kina gramu kama 4. Hesabu mwenyewe ni vijiko vingapi, halafu kumbuka ulivyomgombeza baba kwa vijiko vitatu kwenye chai.

Zile herufi za rangi, A mpaka E, zinaitwa Nutri-Score. Ufaransa walianza nazo 2017, Ubelgiji 2019, na kampuni haishurutishwi kuziweka. Zinafaa kulinganisha biskuti na biskuti. Usilinganishe mafuta na mtindi.

Waislamu na Wasabato wenzangu, tafuteni "porc", "varken" na "saindoux". Kuweni macho na "gélatine" kwenye pipi na vitamutamu vya maziwa. Isiposema ni ya mnyama gani, iacheni. Mwenye mzio aangalie maneno meusi mazito: karanga, maziwa, samaki, mayai, kuna makundi 14 ambayo lazima yaonekane wazi. Na mtakutana na pakiti inayojisifu "sans huile de palme". Nilipoiona mara ya kwanza niliona wametutukania mawese ya bibi. Tangu 2014 hawaruhusiwi kujificha nyuma ya "mafuta ya mimea". Lazima wataje ni mmea upi.

Mliobaki hapa msifikiri haya ni ya wasafiri tu. Kule ilipokuwa kambi ya Bulengo na hapa Lac Vert, mama wangapi walishika ile pakiti ya Plumpy'Nut? Gramu 92, kilokalori 500, imebuniwa na Nutriset, kampuni ya Malaunay huko Ufaransa. Geuza usome: karanga, sukari, unga wa maziwa, mafuta, vitamini. Ni tiba ya mtoto mwenye utapiamlo mkali. Anayekuuzia kama peremende ya shule anamnyang'anya mgonjwa.

Na maziwa ya unga. Viwanda vya Ulaya vinatengeneza unga wa maziwa yaliyoondolewa siagi yake, halafu vinarudishia mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese, na kuuza Afrika kwa bei nafuu. Si sumu, lakini si maziwa kamili. Ng'ombe wa mbele ni yule yule. Nyuma utasoma "matière grasse végétale". Kinachoitwa "lait entier en poudre" ndicho chenye mafuta ya ng'ombe mwenyewe. Na vyote viwili si vya mtoto mchanga, hata muuzaji aape vipi.

Narudi kwako wa Liège. Umesema mayai hayana cha kusoma. Litazame yai lenyewe, juu ya ganda: kuna mhuri. Namba ya kwanza ni 0, 1, 2 au 3. Sufuri ni la kilimo hai, moja ni la kuku anayetoka nje, mbili ni la kuku wa bandani, tatu kuku ameishi ndani ya kizimba. Baada ya namba ni herufi mbili za nchi, BE kama ni la huko kwenu.

Na ile picha ya kuku uliyonitumia mchana ukiuliza kama bado anafaa, nimeikuza nikasoma. Ni "jusqu'au", na tarehe ni ya leo. Mpike usiku huu huu, weka tangawizi, na shingo usiitupe.